Vitabu na majarida ya kujifunzia kuediti picha: niliyopitia mpaka nikajua kipi kinanifaa

Wadau, hii naiandika kwa ajili ya yule ambae ameshaweka programu ya kuediti picha kwenye kompyuta yake, kaifungua, kaona vitufe vimejaa pembeni na menyu juu kila moja ina menyu nyingine ndani yake, akasema ngoja nitafute kitabu nijifunze taratibu. Mimi ndo njia niliyopita. Video zipo nyingi najua na nimeziangalia sana tu, ila kichwa changu kinashika kitu nikikisoma, nirudie aya, nipige mstari kwa kalamu, nijaribu, nirudi tena palepale bila kuvuta video mbele na nyuma. Kwa hiyo nikaingia kwenye vitabu na majarida kwa nguvu zote, na hela imenitoka, na kuna vitu ningeambiwa mapema nisingesumbuka vile.

Nilikuwa napiga picha za watu. Shida zangu zilikuwa zilezile za kila anaeanza, sura inatoka na kivuli machoni, anga linatoka jeupe lote halina hata wingu, rangi ya ngozi inakuwa ya njano njano ukipiga ndani kwenye taa. Sikuwa na mpango wa kuweka mtu juu ya mwezi wala kumbadilisha kichwa. Nataka tu picha ifanane na nilichokiona kwa macho. Haya mahitaji nayataja makusudi kwa sababu baadae niligundua kwamba ukishindwa kuyataja mahitaji yako kwa sentensi moja kabla hujanunua, jalada la mbele litakuchagulia, na jalada kazi yake ni kuuza.

Nilianza na majarida. Jarida linavutia aisee, karatasi inang'aa, picha ya kabla na picha ya baada zimepangwa sambamba, masomo mafupi, hatua ya kwanza fanya hivi ya pili fanya hivi, na kila hatua ina kipicha chake cha skrini. Unakaa nalo jioni moja unamaliza somo zima na unajisikia fundi kabisa. Na kweli kwenye picha yao, ile waliyokupa ya mazoezi, kila kitu kinatoka kama walivosema.

Kazi ilianza nilipohamia kwenye picha zangu. Kulikuwa na somo la kulainisha ngozi, unatengeneza leya (tabaka) ya pili juu ya picha, unaipa ukungu wa Gaussian Blur kwa kiasi cha pikseli (vile vidoti vidogo vinavyounda picha) walichotaja, alafu unaweka maski, yaani kifuniko cha kuchagua leya ionekane wapi na ifichwe wapi, unapaka kwa brashi sehemu za ngozi tu. Nikafuata namba kama zilivo. Sura ikatoka kama sanamu ya nta, vinyweleo hamna, mstari wa pua umeyeyuka. Nikarudia nikijua nimeruka hatua, wapi, ikatoka vilevile. Nilikaa nayo mpaka usiku sana na kwa kweli niliumia, maana picha ilikuwa ya mtu ninaempenda na nilikuwa nimemwahidi nitaitengeneza vizuri.

Kumbe jibu ni hesabu ndogo tu. Ukungu ule unapimwa kwa pikseli. Picha yao ilikuwa na upana wa pikseli 6000 hivi, ile inayotoka kwenye kamera ya megapikseli 24, yangu ilikuwa imepunguzwa mpaka pikseli 1600. Kiasi kilekile cha ukungu kikiwekwa kwenye picha ndogo karibu mara nne kwa upana, athari yake usoni inakuwa kubwa karibu mara nne. Hakuna mahali kwenye somo zima waliposema hilo. Waliandika namba, hawakuandika namba inatoka wapi.

Na hapo ndo kuna jambo lenyewe ninalotaka ulichukue kwenye maandishi haya yote: namba iliyochapwa kwenye somo ni ya picha ile ya kwenye somo, sio ya picha yako. Kitabu au jarida la kulipia ni lile linalokwambia wanaangalia nini mpaka wanafika kwenye ile namba. Wakikwambia "ongeza mpaka vinyweleo vianze kupotea, alafu rudi nyuma kidogo", hilo somo unaweza kulibeba ukaenda nalo kwenye picha yoyote. Wakikwambia weka 12 bonyeza OK, umenunua picha yao moja.

Sisemi majarida hayafai, na nisieleweke vibaya. Yamenipa macho. Nilijua picha za usiku zinaweza kutoka vipi, picha nyeusi na nyeupe zinabebwa na nini, nilijifunza majina ya vitu. Ukiwa umechoka na kitabu kinene, kurasa nne za jarida zinakurudishia hamu. Ila hayana mpangilio, leo somo la maski, mwezi ujao kubadilisha anga, na lile la anga linachukulia kwamba maski unaijua kama jina lako. Na kwa yale niliyokuwa nanunua mimi, ukishayafuata kwa muda unaanza kuona mada zinazunguka, sura, mandhari, nyeusi na nyeupe, usiku, alafu zinarudi upya na picha nyingine. Nililipia ya mwaka mzima kwa mkupuo kwa sababu bei ilikuwa inaonekana nafuu, na nusu yake ya mwisho sikuifungua kwa moyo. Ushauri wangu nunua toleo mojamoja, tena lile ambalo lina somo unalolihitaji sasa hivi.

Alafu kuna suala la mafaili ya mazoezi. Majarida ya zamani yalikuwa yanakuja na diski kwenye jalada, CD kwanza baadae DVD, na masomo yote yanaanza na sentensi ya "fungua faili lililo kwenye diski". Ukinunua la zamani kwa mtu, diski mara nyingi imeshapotea, na hata ikiwepo laptopu nyingi za siku hizi hazina sehemu ya kuiingiza. Ya baadae wakahamia kwenye linki ya kupakua, na linki nayo inakufa. Kabla hujatoa hela andika ile linki kwenye simu yako uone kama inafunguka, ni dakika moja tu. Kama imekufa sio lazima uache kitabu, ila ujue utafanya mazoezi na picha zako, na kwa maoni yangu hilo ni bora zaidi ilimradi kitabu kiwe kinaeleza sababu.

Nikahamia kwenye vitabu, na huko nikakutana na balaa la matoleo.

Nilikuwa natumia GIMP kwa sababu ni ya bure, na kitabu nilichopata kilikuwa kimeandikwa kabla ya toleo la 2.8 lililotoka 2012. Mwisho wa sura ya kwanza kabisa kinasema hifadhi picha yako kama JPEG kwa kutumia Save As. Najaribu, programu inakataa, inaniambia hapa ni XCF tu. Nikafikiri kompyuta yangu ina tatizo. Nikaifuta programu nikaiweka upya, inakataa. Ukweli ni kwamba kuanzia 2.8 walitenganisha, Save inahifadhi faili la kazi la XCF lenye leya zako zote, na ukitaka JPEG au PNG unaenda Export. Ni mabadiliko mazuri tu, yanakulinda usipoteze leya, lakini kitabu hakikuwa na namna ya kuyajua. Mtu anaeanza akikwama mahali kama hapo hajui kama kosa ni lake, la kitabu au la programu, na wengi wanaachia hapohapo wakiamini wao ni wazito kuelewa. Jamani sio wazito, kitabu kimezeeka sehemu hiyo tu.

Photoshop, ile programu ya kulipia ya kampuni ya Adobe, nayo ina mitego yake ya aina hiyo. Miaka na miaka vitabu vilifundisha kwamba ukitaka kukuza au kupunguza kitu bila kukivuruga umbo, shikilia Shift wakati unavuta kona. Toleo la CC 2019, lililotoka mwishoni mwa 2018, wakageuza, sasa bila kushika chochote leya inabaki na uwiano wake, ukishika Shift ndo unaivuruga. Kwa hiyo unafuata kitabu neno kwa neno na sura ya mtu inanyooka kama imepigwa pasi. Toleo hilohilo wakabadilisha na Ctrl+Z, zamani ilikuwa inarudi hatua moja tu na ukibonyeza tena inakurudisha ulipokuwa, siku hizi inaendelea kurudi nyuma kila ukibonyeza. Na kwenye Lightroom, programu nyingine ya Adobe ya kupanga na kuediti picha, ukishika kitabu cha Lightroom 3 utakuta wanasema vuta slaida (kitelezi) ya Recovery, vuta Fill Light. Fungua Lightroom 4 ya 2012 na zote zilizofuata, ukiingiza picha mpya hizo slaida hazipo, kuna Highlights, Shadows, Whites na Blacks, na hazifanyi kazi sawasawa na zile za mwanzo kiasi kwamba ungeweza kubadilisha jina tu ukaendelea.

Kwa hiyo ukishika kitabu, kabla ya jalada na kabla ya picha nzuri, nenda ule ukurasa wenye maandishi madogo ya hakimiliki, angalia mwaka kimechapwa na kinaongelea toleo gani. Alafu fungua programu yako, nenda menyu ya Help, angalia toleo lako. Vilingane, au vikaribiane. Kama wewe unatumia Photoshop CS6 ya 2012, ambayo ndo ilikuwa ya mwisho kuuzwa moja kwa moja kabla ya kuhamia kwenye malipo ya kila mwezi, basi kitabu cha zamani cha CS6 kitakufaa kuliko kipya cha mwaka huu, na mara nyingi unakipata kwa hela ndogo.

Rafiki yangu yeye alipata tofauti kidogo. Alinunua kitabu kikubwa kizuri, kwenye jalada kimeandikwa Photoshop kwa herufi kubwa na neno Elements kwa herufi nyembamba chini yake. Elements ni programu nyingine, nyepesi, imetengenezwa kwa watu wa nyumbani, ipo tangu 2001, menyu zake zimepangwa kivyake na vitu kadhaa vya Photoshop kubwa hazina. Alihangaika kutafuta vitufe ambavyo kwake havikuwepo mpaka akakiuza. Soma jina lote mpaka neno la mwisho. Hata Lightroom, tangu 2017 ziko mbili, Lightroom Classic na Lightroom ya mawinguni, na kitabu cha moja hakikupeleki mbali kwenye nyingine.

Sasa kitabu kilichonibadilisha. Hakikuwa kipya, hakikuwa kinene, na jalada lake lilikuwa la kawaida mno. Nilikifungua katikati nikakuta mwandishi ameweka picha mbovu, ameieleza ubovu wake, alafu chini yake histogramu yake, ile grafu inayoanza 0 upande wa kushoto kwenye weusi kabisa mpaka 255 kulia kwenye weupe kabisa. Akasema angalia vilima vyote vimesongamana kushoto, maana yake giza limekula picha, na angalia hapa kulia kabisa kuna ukuta umepanda juu, hizo ni sehemu za anga zilizoungua, na kwenye JPEG hizo hazirudi kwa sababu taarifa zake hazipo tena. Nikasimama hapohapo nikarudia ile aya. Anga langu jeupe lile! Kumbe muda wote nilikuwa natafuta slaida ya kurudisha kitu ambacho hakipo kwenye faili.

Nilipofika kwenye kompyuta nikafungua picha zangu za zamani moja baada ya nyingine sigusi kitu, naangalia histogramu tu. Hii imekosa mwanga. Hii imeungua. Hii ni nzuri ila imelegea katikati, kontrasti, yaani tofauti ya mwanga na giza, hamna. Hakuna jarida lililokuwa limenifundisha kuangalia kabla ya kugusa. Alafu mwandishi akaendelea kueleza Curves, ile zana ya kurekebisha mwanga kwa kupinda mstari kwenye grafu, kwa mtindo uleule, kwamba ule mstari wa mshazari ukiuinua mahali unaangaza mwanga wa kiwango kile tu na majirani zake, na pale mstari unapokuwa mkali kontrasti inaongezeka, na ikiongezeka hapa lazima inapungua kwingine. Hiyo sentensi ya mwisho ndo ilinifanya nielewe kwa nini kila nikiongeza kontrasti ya sura, vivuli vya nyuma vinakufa.

Na sababu alizotoa hazizeeki. Curves ya kwenye kitabu cha miaka ishirini nyuma ni Curves ileile. Ndo maana siku hizi nagawanya vitabu makundi mawili kichwani, vya vitufe na vya macho. Vya vitufe lazima viwe vya toleo lako. Vya macho, vinavyoongelea mwanga, rangi, wapi mtu ataangalia kwanza kwenye picha, nunua hata vya zamani bila wasiwasi. Mambo mengi tunayobonyeza leo yalitoka kwenye chumba cha giza cha kusafishia filamu, kuangaza sehemu moja na kutia giza sehemu nyingine walikuwa wanafanya kwa mikono na vipande vya karatasi ngumu chini ya taa. Ansel Adams, mpiga picha maarufu wa Marekani, alifariki 1984 na Photoshop ya kwanza ilitoka 1990, ila alivoandika kuhusu kupanga viwango vya mwanga kwenye picha bado ni darasa kwa mtu mwenye kompyuta.

Kuhusu karatasi au faili, nimetumia vyote. Kisomeo chenye skrini ya wino ya nyeusi na nyeupe usikitumie kwa vitabu hivi, somo la rangi utalisomaje. Faili la EPUB linajipanga upya kulingana na skrini, unakuta maelezo ya hatua yako ukurasa huu na picha yake imekimbilia unaofuata, inachosha sana. PDF inabaki ilivopangwa na unaweza kuikuza uone menyu ndogo, ila kwenye simu herufi zinakuwa ndogo mno, inataka tableti au skrini ya pili. Karatasi naipenda kwa sababu naiweka wazi pembeni na programu inabaki imejaa skrini nzima. Lakini karatasi ina udhaifu wake, wino hauwezi kutoa rangi zote kali zinazoonekana kwenye skrini, na picha inachapwa kwa vidoti, kwa hiyo masomo ya kuongeza ukali wa picha ya kabla na baada unaweza kuziona sawa kabisa ukadhani macho yako yana shida. Kwa somo la ukali, amini unachokiona kwenye skrini yako ukiwa umeikuza asilimia 100.

Lugha nayo iangalie. Vitabu vingi vya hii kazi viko kwa Kiingereza, na kama programu yako umeiweka menyu za lugha nyingine utateseka kutafuta kila jina. Weka menyu ziwe za lugha ya kitabu, GIMP unabadilisha kwenye Preferences upande wa Interface. Alafu angalia picha za skrini zao ni za kompyuta gani, wakisema Command na wewe uko Windows, bonyeza Ctrl, na Option kwako ni Alt. Hilo halina haja ya kukukosesha kitabu kizuri.

Na kabla hujanunua chochote, kama ni GIMP, mwongozo wake rasmi ni bure na unasomeka bila kulipa senti. Ni mkavu, haufundishi macho, lakini kila kitufe kimeelezwa. Mimi ningejua mapema ningeusoma huo kwa vitufe, hela yote ningeiweka kwenye kitabu cha macho.

Namna ninavyojaribu kitabu siku hizi iko hivi, nachagua kitu kimoja kinachonisumbua wakati huo, tuseme maski, naenda kwenye orodha ya maneno kule mwisho, natafuta hilo neno. Kitabu cha mafunzo kisicho na hiyo orodha nakirudisha, maana nitakihitaji nikiwa nimekwama katikati ya kazi na siwezi kuanza kupekua kurasa mia tatu. Nikilipata nasoma zile kurasa zote pale pale, au kwenye sampuli kama ni ya mtandaoni. Nataka nione kama wanasema nyeupe inaonyesha na nyeusi inaficha na kwa nini ni bora kuficha kuliko kufuta kwa raba. Nataka nione hata picha moja iliyoharibika na maelezo ya ilivoharibika. Nikimaliza kusoma nikiwa na hamu ya kwenda kujaribu kwenye picha yangu mwenyewe, nalipa. Nikimaliza nikiwa nimejua tu wao walibonyeza nini, nakirudisha kwenye rafu.

Ukishakipata, usikisome kitandani kama riwaya. Soma ukurasa, funga, fanya kwenye picha yako, ukikwama ndo ufungue tena. Na kwenye pembe ya ukurasa andika kwa penseli namba iliyofaa kwenye picha yako na upana wake wa pikseli, maana mwezi mmoja baadae utarudi pale na utakuwa umeshasahau.